Waya wa Tatu

Tarehe 6 Agosti 1753, mjini St. Petersburg, profesa Georg Wilhelm Richmann alikuwa kwenye kikao cha Chuo cha Sayansi cha Urusi aliposikia ngurumo kwa mbali. Aliomba ruhusa, akamchukua mchongaji picha wa Chuo, Sokolov, wakaenda mbio hadi nyumbani kwake. Juu ya paa alikuwa amesimika fimbo ya chuma, na kutoka kwenye fimbo hiyo chuma kilishuka hadi chumbani, kwenye kipimo alichokibuni mwenyewe: uzi wa kitani ulioning'inia kando ya ukanda wa chuma. Umeme ukiwepo uzi hujitenga na chuma, na kadiri unavyozidi ndivyo uzi unavyopanda. Richmann alikuwa amejiwekea kazi ambayo hakuna aliyeifanya kabla yake: kupima umeme wa mawingu kwa tarakimu. Alipoinama kusoma, Sokolov aliona tonge la moto wa samawati, kubwa kama ngumi, likiruka kutoka kwenye chuma hadi kwenye paji la uso la profesa. Richmann alikufa papo hapo. Kiatu chake kimoja kilipasuka na mlango wa chumba ukang'oka kwenye bawaba.

Fimbo ya Richmann haikugusa ardhi, na hilo halikuwa bahati mbaya. Ilijengwa hivyo kwa makusudi. Mwaka mmoja kabla, tarehe 10 Mei 1752, Thomas-François Dalibard alikuwa ametekeleza nchini Ufaransa jaribio lililopendekezwa na Benjamin Franklin. Katika kijiji cha Marly-la-Ville alisimamisha fimbo ya chuma ya futi 40, na chini yake akaweka chupa za mvinyo ili kioo kiuzuie umeme usikimbilie udongoni. Wingu lilipopita, askari mstaafu aliyeachwa kulinda fimbo aliisogelea na kuchomoa cheche. Anayetaka kuona umeme lazima aufungie. Anayetaka kujikinga nao lazima aufungulie njia. Franklin alizijua hali zote mbili: katika kalenda yake ya mwaka 1753 aliwaelekeza wenye nyumba wachukue fimbo ya chuma, ncha moja ipande juu ya paa na nyingine izame futi tatu au nne kwenye ardhi yenye unyevu. Unyevu ulitajwa tangu siku ile ya kwanza, na baada ya karibu miaka 300 bado ndio unaosahauliwa zaidi.

Nimeanza na kifo hiki kwa sababu kina mambo mawili ambayo hayajawahi kuachana katika historia ya umeme wa nyumbani: kupima, na kuunganisha na ardhi. Mafundi wetu huuita muunganisho huo ethi. Laivu, waya unaoleta umeme, ikikatika, taa inazimika. Nyutro, waya unaourudisha, ikikatika, taa inazimika pia. Ethi ikikatika hakuna kinachozimika. Friji inaendelea kugandisha, pasi inaendelea kuchoma, na familia inaweza kuishi miaka kumi bila kujua. Waya huo hauna kazi ya kila siku. Ndiyo maana hauwezi kuaminiwa kwa macho, na ndiyo maana imechukua muda mrefu na maiti nyingi kuuelewa.

Kwa Franklin ardhi ilikuwa mahali umeme unapokwenda kuishia. Watu wengi bado wanaiona hivyo. Utamsikia fundi akimwambia mwenye nyumba kwamba ethi "inamwaga umeme chini". Kwa radi usemi huo unatosha. Kwa umeme wa gridi unapotosha, na aliyeonyesha hivyo bila kukusudia alikuwa Mjerumani Carl August von Steinheil. Mwaka 1838 alijaribu kutumia reli za treni ya Nuremberg hadi Fürth kama nyaya mbili za telegrafu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Jaribio lilishindikana, kwa kuwa umeme ulivuja kutoka kwenye reli hadi udongoni. Katika kuhangaika na uvujaji huo Steinheil alitambua kwamba udongo wenyewe unapitisha umeme vizuri kiasi cha kuweza kuwa waya wa kurudi. Akatundika waya mmoja tu, akafukia bamba la chuma kila upande, na ujumbe ukapita.

Makampuni ya telegrafu yalifurahi sana, maana nusu ya gharama ya shaba ilitoweka. Kebo ya chini ya bahari iliyoiunganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879 ilitegemea ugunduzi huohuo: ndani yake mlikuwa na moyo mmoja wa shaba, na marejeo yalipita baharini na ardhini. Kwa hiyo ardhi haikuwa shimo la kutupia umeme. Ilikuwa barabara. Umeme unaoingia ardhini kutoka kwenye betri hutafuta kurudi kwenye betri ileile, na ule unaotoka kwenye transfoma hutafuta kurudi kwenye transfoma. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya yanayofuata itajieleza yenyewe.

Taa za umeme zilipoanza kuingia majumbani, hakuna aliyefikiria ethi. Katika jumba la Cragside, kaskazini mwa Uingereza, tajiri wa viwanda William Armstrong aliwasha taa kwa nguvu ya maji ya bwawa lake. Mwishoni mwa 1880 aliweka balbu za Joseph Swan, nne kati yake zikikaa juu ya vyombo vya maua vya shaba vilivyonakshiwa rangi. Mwili wa chombo chenyewe ndio uliorudisha mkondo, na waya mwingine ulichovya ncha yake kwenye zebaki. Ukitaka kuzima taa unainua chombo. Ukitaka kuwasha unakirudisha. Armstrong aliyaeleza haya yote kwa fahari katika barua aliyoipeleka gazetini Januari 1881. Mgeni aliyeinua taa ile alikuwa anashika sehemu ya saketi kwa mikono yake miwili, na kwa mawazo ya wakati ule hilo lilikuwa pambo.

Katika jumba la Hatfield, la Lord Salisbury ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu, mambo hayakuwa ya kuchekesha kila mara. Familia ilisimulia jinsi nyaya za darini zilivyowaka moto jioni na watu wakazima kwa kurusha mito ya viti. Lakini mwaka 1881 kibarua wa bustani katika jumba hilohilo aligusa waya ulio wazi akafa. Kanuni za kwanza za uwekaji nyaya zilizotolewa London mwaka uliofuata, 1882, zilibeba jina linalotaja hatari ya moto unaotokana na taa za umeme. Kifo cha mtu hakikuwa kwenye jina. Yaliyoogopa zaidi yalikuwa makampuni ya bima, na bima ya nyumba hulipa nyumba.

Hofu ya moto ndiyo iliyochelewesha ethi. Nchini Marekani mabishano yalidumu zaidi ya miaka 20. Upande mmoja ulidai kwamba mfumo usiogusa ardhi popote ni salama zaidi: ukishika waya mmoja tu hakuna njia ya kurudi, hupigwi shoti. Kinadharia walikuwa sahihi. Mwaka 1892 bodi ya makampuni ya bima ya moto ya New York ilitaka desturi ya kuunganisha nyutro na ardhi ikomeshwe. Upande wa pili ulikuwa na hoja moja tu, ila nzito: transfoma. Umeme wa mkondo geu ulisafirishwa kwa volti elfu moja na zaidi hadi kwenye nguzo, ukashushwa hadi mia moja na kitu kuingia ndani. Ndani ya transfoma, koili ya volti kubwa na ile ya volti ndogo zilitenganishwa na pamba na vanishi. Kihami kikichoka, volti elfu mbili ziliingia kimyakimya kwenye nyaya za nyumba, na mtu aliyenyoosha mkono kuwasha taa aligusa kitu ambacho hakikupaswa kuwepo chumbani. Elihu Thomson, mmoja wa wahandisi wakubwa wa zama zile, alishikilia kwamba upande wa nyumbani wa transfoma lazima ufungwe ardhini, ili hitilafu kama hiyo ipate njia ya mkato na fyuzi iungue. Ilipofika mwaka 1913 kanuni za umeme za Marekani zililifanya hilo kuwa sharti.

Uamuzi ulikuwa sahihi, ila ulikuja na deni. Baada ya nyutro ya transfoma kufungwa ardhini, kila ardhi ikawa upande mmoja wa saketi: sakafu ya saruji, bomba la maji, ukuta wenye unyevu, vyote. Zamani ilikuwa lazima mtu aguse nyaya mbili ili aumie. Sasa mmoja ulitosha, mradi miguu yake iko chini. Na pasi, jiko au friji ambayo ndani yake waya wa laivu umechubuka na kugusa bodi ya chuma ikawa mtego wenye sura ya kifaa cha nyumbani. Ndipo waya wa tatu ulipohitajika kuingia ndani ya nyumba yenyewe, kuunganisha bodi za chuma na ardhi, ili laivu ikigusa chuma mkondo mkubwa upite kwenye waya badala ya kupita kwa mama aliyeshika mlango wa friji.

Afrika Mashariki iliingia katika kisa hiki mapema kuliko wengi wanavyodhani. Beit al-Ajaib, kasri ambalo Sultani Barghash alilijenga Zanzibar mwaka 1883, hutajwa kuwa jengo la kwanza katika eneo letu kuwekwa taa za umeme. Kumbukumbu za kampuni ya umeme ya Kenya husimulia kwamba mtambo uliommulikia Barghash ulinunuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na ndio ulioanzisha huduma ya umeme katika mji ule. Mwaka huohuo Wajerumani waliwasha Dar es Salaam, hasa karakana za reli na mitaa waliyoishi wao. Miji yetu basi ilipata umeme wakati wakubwa wa fani walikuwa bado wanabishana kuhusu ethi.

Nao mafundi wa siku hizo walipimaje? Kwa vidole. Kitabu cha mafundi umeme wa Marekani kilichoandikwa na Terrell Croft, ambacho kilichapishwa tena na tena kuanzia 1913, katika toleo lake la 1942 bado kilieleza kwamba fundi anaweza kujua kama waya una umeme kwa kuugusa kwa vidole, mradi volti hazizidi 250, na kwamba volti ndogo kama za kengele za mlangoni zinaweza kuonjwa kwa ulimi. Kitabu kilikiri kwamba si kila mtu anaistahimili njia hiyo. Tusiwacheke sana; fundi anayegusa waya kwa mgongo wa mkono "kuhakikisha" hajaisha mitaani kwetu.

Kupima kwa akili kulianza na Mwingereza Sydney Evershed. Mwaka 1889 alitengeneza kipimo cha kubebeka cha kuchunguza vihami vya nyaya, na mwaka 1903 jina Megger likasajiliwa. Kilikuwa sanduku lenye mkono wa kuzungusha, ambao uliendesha jenereta ndogo ndani yake. Werevu wake ulikuwa kwenye volti. Betri ya tochi ikiwekwa kwenye waya mbovu inaweza kusema kila kitu ni salama, kwa kuwa volti chache haziwezi kupenya ufa mdogo wa kihami. Evershed aliusukuma waya kwa mamia ya volti lakini kwa mkondo mdogo, akasoma ni kiasi gani kimepenya. Umeme wa nyumba umezimwa, balbu zimetolewa, vifaa vimechomolewa, na waya unalazimishwa kusema kama utahimili kazi. Hadi leo hiyo ndiyo njia ya kuaminika ya kujua hali ya vihami vya nyaya zilizofukiwa ukutani.

Kipimo ambacho kila nyumba inacho ni kingine: testa, ile bisibisi yenye kitaa cha neoni ndani. Ni chombo kizuri kikijulikana mipaka yake. Kitaa huwaka kwa sababu mkondo mdogo mno unapita kutoka kwenye laivu, kupitia kizuizi cha omu karibu milioni moja, kupitia mwili wa anayeishika, hadi sakafuni. Mwenye testa ni sehemu ya kipimo. Akisimama juu ya kiti cha plastiki, kitaa kinaweza kufifia au kutowaka hata kama laivu ipo. Kinaweza pia kuwaka hafifu kwenye waya uliokatwa lakini unaolala kando ya waya wenye umeme. Kwa hiyo mafundi waliofundishwa wana desturi ya hatua tatu: jaribu testa mahali unapojua pana umeme, pima unapotaka kufanya kazi, kisha rudi ujaribu tena pale pa kwanza. Hatua ya tatu huonekana ya kupoteza muda hadi siku testa itakapokufa katikati ya kazi. Na hata testa nzima ina neno moja tu la kusema, kwamba laivu ipo. Juu ya ethi haijui lolote.

Turudi Uingereza, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 serikali iliunda kamati ya watu 20 kufikiri nyumba za baada ya vita ziwekwe umeme wa namna gani. Mwanamke alikuwa mmoja, Caroline Haslett, mkurugenzi wa chama cha wanawake cha umeme tangu 1924 na mtu aliyeamini kwamba umeme ungemwondolea mwanamke nusu ya utumwa wa jikoni. (Imani yake ilikuwa kamili: alipofariki mwaka 1957 aliacha wosia achomwe katika tanuri la umeme.) Ripoti ilitoka 1944, na mwaka 1947 ikazaa kiwango cha plagi yenye pini tatu za pembe nne. Ni hii tuliyonayo ukutani Tanzania, Kenya na Uganda.

Inafaa kuitazama kwa utulivu, maana ni nadra chombo cha kila siku kubeba hoja nyingi kiasi hiki. Pini ya juu, ya ethi, ni ndefu kuliko zile mbili. Inaingia kwanza, hivyo bodi ya kifaa inaunganishwa na ardhi kabla laivu haijafika, na wakati wa kuchomoa inaachia mwisho. Ndani ya soketi, matundu mawili ya chini yamefungwa kwa vizibo, ambavyo hufunguliwa na pini ya ethi inapoingia. Mtoto mwenye msumari hawezi kufika kwenye laivu. Fyuzi imo ndani ya plagi, ili kamba nyembamba ya taa ya mezani isitegemee fyuzi nene ya nyumba.

Sisi tumeishinda plagi hiyo kwa kalamu. Chaja ya pini mbili haifungui vizibo, basi kifuniko cha kalamu au njiti huchomekwa kwenye tundu la juu, vizibo vinashuka, chaja inaingia. Kwa chaja yenyewe hakuna dhambi kubwa: ikiwa na alama ya mraba ndani ya mraba, imetengenezwa kwa vihami viwili na haihitaji ethi. Tatizo ni birika au friji ya mtumba iliyoletwa kutoka Ulaya bara. Plagi yake ya duara ina ethi, lakini imewekwa kama vibati vya pembeni. Ikilazimishwa kwenye soketi yetu kwa msaada wa kalamu, umeme unaingia na ethi inabaki nje. Birika linachemsha maji kama kawaida. Hakuna kilichozimika.

Waingereza wenyewe walikuja kuona jinsi ethi inavyoweza kutoweka bila taarifa. Nyumba zao nyingi zilifunga waya wa ethi kwenye bomba la maji la chuma, ambalo lilisafiri chini ya mtaa mzima na kuwa ethi nzuri kuliko fimbo yoyote. Kisha mamlaka za maji zikaanza kubadilisha mabomba kwa plastiki. Fundi wa maji alikata chuma barabarani, akaunga plastiki, akafukia, akaenda zake. Ndani ya nyumba ethi ilikuwa imekufa, na hakuna taa iliyopepesa. Katika miaka ya 1960 kanuni zao zikaacha kulikubali bomba la umma kuwa ethi pekee ya nyumba.

Kwetu ethi ya nyumba kwa kawaida ni fimbo iliyopakwa shaba, iliyopigwa nyundo kando ya ukuta. Hapa ndipo hesabu za darasani zinapohitajika. Tuseme fimbo yako, katika udongo mkavu, ina ukinzani wa omu 40, na ethi ya transfoma mtaani ina omu 6. Laivu ikigusa bodi ya friji, mkondo unatoka kwenye bodi, unaingia ardhini kwa fimbo yako na kurudi kwenye transfoma kwa ethi yake, njia ya omu 46. Gawanya volti 230 kwa 46: ampea 5. Breka ya soketi ya ampea 20 itaubeba mkondo huo mchana kutwa na kudhani mtu anapiga pasi. Na bodi ya friji? Ampea 5 mara omu 40 ni volti 200. Nyumba ina fimbo, ina waya wa kijani na njano, fundi amelipwa, na mlango wa friji una volti 200. Hii ndiyo sababu ya kusema ardhi haimezi umeme.

Ni kiasi gani kinatosha kuua? Swali hilo lilibaki la kubahatisha hadi miaka ya 1940, wakati Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipowaomba watu wa kujitolea washike waya wa shaba huku akiongeza mkondo taratibu, hadi misuli ya mkono ikazane na wasiweze kuachia. Alipima wanaume 134 na wanawake 28. Kwa wastani wanaume walishindwa kuachia kwenye miliampea 16, wanawake kwenye 10.5. Fyuzi ya plagi ni ampea 13, yaani miliampea 13,000. Fyuzi haikuwekwa kwa ajili ya mtu hata siku moja. Iliwekwa kwa ajili ya waya.

Kifaa cha kumlinda mtu kilipatikana Afrika, na hili husahaulika. Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ilikuwa na unyevu, chuma na nyaya zilizoburutwa kwenye mawe, na wachimbaji walikuwa wanakufa. Mhandisi Henri Rubin, wa kampuni moja ya vifaa vya umeme huko Alberton karibu na Johannesburg, mwaka 1955 alitengeneza breka iliyokata umeme uvujaji ukifika miliampea 250. Kwa migodi yalikuwa maendeleo makubwa, kwani vifaa vya awali vya aina hiyo vilisubiri hadi ampea 10. Kwa mwili wa binadamu bado ilikuwa nyingi mno. Mapema 1956 alikuwa na nyingine iliyokata kati ya miliampea 12.5 na 17.5, kwa kasi iliyoendana na takwimu za Dalziel.

Wazo lenyewe ni jepesi. Laivu na nyutro hupitishwa pamoja katika pete ya chuma. Kinachokwenda kikilingana na kinachorudi, pete haihisi kitu. Kikipungua njiani, maana yake kuna umeme unaorudi kwa njia nyingine: kwenye waya wa ethi, kwenye ukuta wenye maji, au kwenye mwili wa mtu. Breka haiulizi ni ipi. Inakata.

Kisha mwanamke mmoja alikufa kwa umeme nyumbani kwake katika kijiji cha mgodi wa Stilfontein. Kati ya 1957 na 1958 nyumba mia kadhaa za kijiji hicho ziliwekewa breka za Rubin, zilizokata kwenye miliampea 20. Wake wa wachimbaji katika kijiji cha Afrika walikuwa na ulinzi ambao Dalziel aliutengenezea nchi yake, kwa transista, mwaka 1961. Leo breka ya kawaida ya aina hii majumbani hukata kwenye miliampea 30, na mafundi huitaja kwa herufi zake tatu, RCD. Irudishe kwenye ile friji: mkondo wa ampea 5 unaopita kwenye fimbo mbovu ni zaidi ya mara 160 ya kile RCD inachosubiri. Umeme unakatika kabla mtu hajafika mlangoni.

Hata hivyo fimbo haikustaafu. Bila njia yoyote ya kwenda ardhini, friji mbovu inasubiri hadi aguswe mtu, na ni yeye atakayekuwa njia ambayo RCD itaihisi. Kwa kawaida atanusurika, lakini ataonja kwanza. Na udongo wetu una shida zake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Herbert Ufer aliombwa kutafuta ethi kwa maghala ya mabomu katika jangwa la Arizona, ambako fimbo ya kawaida ilikuwa kama imepigwa kwenye tofali. Aligundua kwamba chuma kilichozikwa ndani ya zege la msingi kinafanya kazi vizuri kuliko fimbo, kwa kuwa zege huvuta unyevu na kuushikilia hata udongo wa juu ukikauka. Anayejenga sehemu kame na bado yuko kwenye msingi angeweza kumwuliza fundi wake mwenye leseni juu ya nondo za msingi kabla zege halijamwagwa. Zege likishamwagwa watu hukimbilia chumvi na mkaa shimoni, dawa inayofanya kazi hadi masika yaioshe, na chumvi iliyobaki inakula shaba.

Kwenye RCD kuna kitufe chenye herufi T, nacho kinastahili kubonyezwa mara kwa mara, maana breka isiyosogezwa kwa miaka inaweza kugoma siku ya haja. Ila kitufe hicho kinatengeneza uvujaji wake chenyewe, kwa kizuizi kidogo kilichounganishwa kati ya laivu upande mmoja wa pete na nyutro upande mwingine. Waya wa ethi hauhusiki. RCD itaruka vizuri kabisa katika nyumba ambayo fimbo yake iliibwa na wauza vyuma chakavu mwaka juzi. Kipimo cha soketi chenye taa tatu kitakuonyesha kama ethi haipo kabisa, lakini hakitakuambia kama ina omu 4 au 400, wala hakitambui nyutro na ethi zikiwa zimebadilishana. Kupima fimbo yenyewe ni kazi ya fundi mwenye kipimo cha ethi: anaitenga na nyumba umeme ukiwa umezimwa kwenye meni swichi, anachomeka vijiti viwili ardhini kwa umbali wa mita kadhaa, anapitisha mkondo na kusoma omu. Akija aje mwezi wa kiangazi kikali, wakati udongo uko katika hali yake mbaya kuliko zote, na namba atakayoisoma iandikwe kwa kalamu ndani ya kifuniko cha boksi la breka pamoja na tarehe.